Mgonjwa wa Mwea

Udongo wa Othaya ni mwekundu. Ukishika kiatu hukauka, ukabanduka wenyewe. Kwa hiyo asubuhi moja ya mwaka 1969, Murugi alipochukua viatu vya mumewe avisafishe akakuta soli zimegandwa na tope jeusi, zito kama lami, alibaki amesimama navyo mlangoni pa jikoni. Jana yake Theuri alikuwa amefunga duka mapema, akamwambia anakwenda Nyeri kuagiza dawa. Jioni alirudi, akanawa, akala, akalala. Na Nyeri hakuna tope jeusi.

Murugi aliikung'uta suruali. Kwenye mkunjo wa chini yakaanguka makapi ya mpunga.

Alivisugua viatu mpaka vikang'aa, akavirudisha uvunguni mwa kitanda. Hakuuliza. Ukimuuliza mwongo mapema unampa nafasi ya kujipanga.

Hata neno lenyewe, mwongo, lilimshtua. Theuri hakuwa mtu wa kusemwa hivyo. Aliingia Keya, jeshi la Waingereza, mwaka wa 1941 akiwa kijana mwenye shule kidogo, jeshi likamfundisha udresa, likampeleka Ceylon na baadaye Burma, akawa anafunga vidonda vya wenzake msituni mvua ikiwanyeshea. Alirudi na medali na tabia ya kunawa mikono kila mara. Akaajiriwa udresa katika hospitali moja ya misheni, halafu akamfanyia kazi Mhindi mmoja mwenye duka la dawa Nyeri, akajifunza kupima na kuchanganya. Baada ya uhuru akapata leseni, akafungua duka lake mwenyewe mkabala na soko la Othaya. Watu walimwita Daktari. Walimwonyesha ndimi zao, matumbo yao na aibu zao, na hakuna aliyewahi kumsikia akieleza ya mtu. Murugi alikuwa akijivunia kimya hicho. Sasa kilianza kumtisha. Mtu anayeficha siri za mji mzima, atashindwa kuificha yake mwenyewe?

Siku ya soko, rafiki yake Wakonyo, mama aliyeuza nafaka, alimvuta kando ya magunia.

"Mama Watiri, siku hizi mzee wako ako na wagonjwa mpaka Mwea?"

"Mwea gani?"

"Wang'uru. Nilikuwa nimeenda kutafuta mchele. Nikamwona ameshika ile mkoba yake ya ngozi, anafuata mfereji kuelekea vijiji vya watu wa mpunga. Nikamwita. Ati hakusikia."

"Alikuwa na mtu?"

"Peke yake." Wakonyo alikoroga maharagwe kwa kiganja. "Mimi sisemi kitu. Nakuambia tu penye nilimwona. Lakini alikuwa anatembea kama mtu anangojewa."

Murugi alirudi nyumbani akaanza kumchunguza mumewe jinsi mtu anavyochunguza ukuta wenye ufa. Ilikuwa ni kila Alhamisi ya pili. Siku hiyo Theuri alinyoa mapema. Ndani ya mkoba alitia pamba, bandeji, chupa ya spiriti, dawa ya bluu na vidonge. Hayo yalikuwa ya kazi. Kisha, akidhani mkewe yuko shambani, akachukua sukari na majani ya chai, na juu yake akaweka kipande cha sabuni ya kuogea, ile yenye harufu, aliyokuwa ameitoa dukani. Sabuni ndiyo iliyomchoma Murugi. Mgonjwa hupelekewa dawa. Mwanamke hupelekewa sabuni.

"Unaenda Nyeri?" alimuuliza alipotoka.

"Nyeri, ndiyo."

"Basi uniletee uzi wa sweta ya Watiri. Ule wa kijani, unajua duka."

"Nitaleta."

Na aliuleta. Wa kijani, rangi ileile, hata karatasi iliyoufunga ilikuwa ya dukani. Aliuweka mezani akamuuliza kama utatosha. Murugi aliushika uzi ule, akaugeuzageuza. Kwenye miguu ya suruali yake kulikuwa na tope jeusi. Mtu huyu alikuwa amekwenda Mwea, na njiani akashuka Nyeri akatafuta uzi ili uongo wake ukamilike. Alikuwa amelala na mtu huyu kitanda kimoja miaka ishirini na hakujua kwamba ana ustadi huo.

Hakumfuata. Alingoja Jumatatu, akamwambia kwamba anakwenda kumwona shangazi, akaenda Mwea pamoja na Wakonyo.

Wang'uru kulikuwa na jua lisilofanana na la nyumbani. Mashamba yalikuwa yamejaa maji mpaka upeo wa macho, na wanaume walipita kwenye kingo za mifereji wakisukuma baiskeli zenye magunia. Wakonyo alishika njia yake ya mchele. Murugi alimkuta mwanamke amebeba miche ya mpunga kwenye karai.

"Mama, kuna daktari hutoka Othaya kuja huku. Huenda nyumba gani?"

"Ule wa bandeji? Huenda kwa Jethro. Nyumba ya mwisho, hapo mfereji inapinda."

Jethro. Mwanamume. Murugi alihisi nafuu, na mara akaona haya. "Huyo Jethro ako na bibi? Ako na binti?"

"Jethro hana mtu. Hata kanisa haendi. Analima kipande chake, akimaliza anafunga mlango."

Angeweza kurudi pale. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakurudi. Lakini nafuu ile haikutulia kifuani. Kama ni mgonjwa tu, kwa nini uzi wa kijani? Mtu hafichi wema kwa bidii hivyo. Alikwenda mpaka nyumba ya mwisho akabisha.

"Nani huyo?"

Mwili wake uliijua sauti ile kabla ya akili. Sauti kavu, yenye mkwaruzo, kama ya mtu aliyemeza vumbi. Mara ya mwisho kuisikia ilikuwa mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza wakiwasaka wapiganaji wa msituni, alfajiri, nje ya nyumba ya mama yake alikokuwa amelala. Ilikuwa imesema: Mutahi, toka nje.

Mutahi alikuwa kaka yake, wa pekee. Aliyemwita alikuwa Wahome, kiongozi wa homugadi, wanamgambo wa serikali ya kikoloni, katika kituo kilichojengwa kando ya kijito. Mama yao, Wachuka, alipokwenda kituoni kuuliza aliambiwa kijana amepelekwa kizuizini Manyani. Miaka ikapita, wafungwa wa Manyani wakarudi mmoja mmoja, Mutahi hakurudi. Kabla ya uhuru Wahome naye akatoweka. Wengine walisema yuko Uganda, wengine walisema amekufa.

Murugi alisukuma mlango. Mzee aliyekonda alikuwa ameketi, mguu mmoja ameunyoosha juu ya kigoda. Kutoka kwenye kifundo mpaka karibu na goti ulikuwa umefungwa bandeji safi, ncha yake imekunjwa ndani kwa namna moja tu ambayo Murugi alikuwa ameiona maisha yake yote ya ndoa. Chumba kilinuka donda ndugu na sabuni yenye harufu.

"Mimi ni Murugi," alisema. "Dada ya Mutahi."

Mzee hakusogea. "Theuri amekutuma?"

"Theuri hajui niko hapa."

"Basi alikuwa anasema kweli. Alisema hajakuambia."

"Hajaniambia nini?"

"Kaa chini, mama."

"Sikai."

Wahome, aliyejiita Jethro huku, alitazama mlango, kama anayepima kama kuna watu wengine nyuma yake. Alipoona hakuna, alisema polepole. "Mutahi hakufika Manyani. Alikufa pale kituoni, siku ya pili. Tulimzika nje ya handaki, upande wa kijito. Mume wako anajua. Nilimwambia siku aliponipata hapa. Sasa ni mwaka wa tatu."

Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli. Murugi alishika mlango. Miaka mitatu. Miaka mitatu Theuri alikuwa ameketi kwa mama yake Jumapili, akila viazi vyake, akimpa dawa ya kifua na kumsikiliza akisema, Mutahi akirudi atakuta shamba lake halijaguswa.

"Kwa nini anakutibu?"

"Burma alikuwa anahara damu. Tulikuwa tunatembea, Wajapani wako mbele. Ofisa alisema aachwe kando ya njia, gari itamchukua. Gari haikuwako. Nikambeba mimi. Yeye husema hiyo ndiyo sababu."

"Na wewe unasema nini?"

Wahome aliangalia mguu wake. "Mimi nasema mguu unauma, na anakuja."

Murugi alifika Othaya duka likiwa karibu kufungwa. Alisimama upande wa wateja, mikono juu ya kaunta, akangoja mwanamke mwenye mtoto wa kikohozi atoke.

"Nimetoka kwa mgonjwa wako," alisema.

Theuri alifungua bomba akaanza kunawa. Alinawa muda mrefu.

"Ulijua," Murugi alisema. "Ulijua mahali Mutahi alipo, na kila Jumapili unamwona mama anamngojea."

"Ningemwambia, angeuliza nimejua wapi. Ningesema wapi, vijana wangekwenda kumkatakata mtu ambaye bila yeye mimi ningeoza Burma. Ningefanya nini?"

"Na hiyo ndiyo yote?"

Alijifuta vidole kimoja kimoja. "Ndiyo yote."

Murugi alikuwa amemsikia akiitumia sauti hiyo. Ndiyo aliyoitumia kwa wagonjwa waliokuja na uvimbe mbaya, alipowaambia waende hospitali kwa uangalizi tu.

Kesho yake walikwenda kwa Wachuka pamoja. Mama mzee alikuwa ukumbini akichambua maharagwe kwenye ungo. Theuri alisema yote, au alichosema kuwa ni yote: Wahome, Mwea, kaburi lililo upande wa kijito. Wachuka hakuacha kuchambua. Alitoa mbovu akaitupa kwa kuku, akatoa nyingine.

"Aje anionyeshe yeye mwenyewe," alisema mwishowe. "Wewe ndiye utamleta. Na wavulana wote waambiwe, atakayemgusa amenigusa mimi."

"Maitu," Theuri alimsihi, kama anavyomwita mama yake mzazi, "mguu wake hauwezi safari."

"Mguu huo ulimleta mlangoni pangu alfajiri, Theuri. Utamleta tena."

Murugi alikuwa akimtazama mumewe wala si mama yake. Aliona uso wake umekuwa wa majivu. Alikuwa anaogopa, na hofu hiyo haikuwa ya mtu anayemwogopea mwenzake. Aliogopa kwamba Wahome angekuja.

Lakini alimleta. Jumamosi, mchana, pikapu ya kukodi ilipanda kutoka barabarani, Wahome ameketi mbele na mguu wake wenye bandeji nyeupe, Theuri ameketi nyuma kwenye bodi. Naibu wa chifu, Kingori, alikuwa ametangaza mkutano, na karibu ukingo wote, yaani vijiji vya mgongo ule wa kilima, ulikuwa umekuja. Hakuna aliyesalimia. Kituo cha zamani hakikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na josho la ng'ombe na nyasi zilizoliwa.

Wahome alishuka kwa fimbo, akatazama huku na huku, akaelekeza. Vijana wakachimba. Walichimba mpaka kifuani wakakuta mawe tu. Kukawa na mnong'ono, kisha ukawa sauti.

"Anatuchezea!"

"Mwulizeni Daktari. Yeye ndiye rafiki yake."

Kingori aliinua mkono. Wahome alikuwa ametokwa jasho. "Handaki si hili," alisema. "Mlilifukia mlipojenga josho. Kijito kilikuwa karibu zaidi. Songeni chini, hatua chache, hapo penye jiwe."

Walisonga wakinung'unika. Jua lilikuwa limeanza kuinama pale kijana mmoja aliposimamisha jembe lake, akapiga magoti, akaanza kufukua kwa mikono. Wachuka alisaidiwa kushuka. Alitazama mifupa ile muda mrefu, halafu akaugusa wa mkono wa kushoto, uliokuwa umejikunja kidogo kati ya kiwiko na kiganja.

"Alianguka kutoka kwenye mti wa matunda akiwa mdogo," alisema. "Ukaunga vibaya. Ni yeye."

Kisha akamgeukia Wahome. "Nani alimtaja?"

"Hakutajwa, mama."

"Mliamka tu mkaja kwangu?"

"Jana yake alionekana akishuka kutoka msituni na kikapu. Tulipokuja kwako tulikipekua. Chini ya viazi kulikuwa na vidonge vya hospitali vilivyobaki na unga wa vidonda. Mzungu wa kituo alitaka kujua dawa zinatoka wapi. Aliulizwa siku mbili." Wahome aliegemea fimbo yake. "Hakusema. Ndiyo maana."

Watu hawakugeuka kwa pamoja. Waligeuka mmoja baada ya mwingine, kadiri kila mmoja alivyofika kwenye hesabu yake mwenyewe. Ukingo ule, wakati ule, mtu aliyeshika dawa za hospitali alikuwa mmoja. Theuri alikuwa amesimama na shuka nyeupe aliyoileta kwa ajili ya mifupa, imekunjwa nne, ameikumbatia kifuani.

"Theuri," Wachuka aliita.

"Naam, Maitu."

"Zilikuwa zako?"

"Zilikuwa zangu. Mimi ndiye niliyempa apeleke."

"Na hizo siku mbili ulikuwa wapi?"

"Kazini. Nilisikia ameshikwa. Nikaamka nikaenda kazini."

Murugi alingoja mama yake alie, au ampige, au aseme amemsamehe kama wanavyosema kanisani. Wachuka hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema, "Tandaza hiyo shuka. Shika upande ule." Naye akashika upande huu, na wawili hao ndio waliomtoa Mutahi.

Kabla pikapu haijaondoka, Murugi alimfuata Wahome mpaka dirishani. Kulikuwa na jambo moja ambalo asingeweza kumuuliza mumewe, kwa sababu jibu lolote angelitilia shaka.

"Kama hangekuwa anakuja na bandeji, ungekuwa umesema haya zamani?"

"Mama, hata mimi sijui. Hakuna siku aliniambia nyamaza. Lakini hakuna siku alikosa kuja."

Walimzika Mutahi kwenye shamba lake ambalo halikuguswa. Baada ya hapo mji uligawanyika. Kingori na wazee kadhaa walisema Daktari alikuwa mtu wa uhuru na hakuna aliyejua. Walitaka aketi mbele kwenye sherehe ya kitaifa ya siku ya Madaraka. Wengine walianza kupanda gari kwenda Nyeri kununua hata dawa ya kichwa. Theuri hakuketi mbele, wala hakujitetea. Alifungua duka kila asubuhi na kusimama nyuma ya kaunta, watu wakiwepo na wasipokuwepo.

Nyumbani Murugi alimpikia, akamfulia, lakini kila neno lake alilipima. Akisema mvua itanyesha, Murugi alitoka nje kuangalia mawingu. Na swali lile halikumwacha: alikuwa akimtibu Wahome, au alikuwa akimnunua? Kubebwa Burma kulikuwa kweli. Lakini mpaka siku ya josho, Wahome ndiye pia mtu pekee mwingine aliyebaki duniani aliyekijua kikapu kile. Wema na woga vilikuwa vimevaa koti moja, na hakuna aliyeweza kumwambia ni nani aliyekuwa ndani.

Alhamisi ya kwanza Theuri alipochukua mkoba tena, alisimama mlangoni. "Mguu wake utaoza," alisema. Hakusema Nyeri.

"Naenda kuchukua leso," Murugi alijibu. "Twende wote."

Tangu hapo alikwenda naye kila mara. Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango wakati Theuri anafungua bandeji, anaosha, anapaka dawa ya bluu, anafunga upya. Wanaume wale walizungumza kidogo, kwa Kiswahili chao cha Keya, habari za mvua za Burma na sajini mmoja aliyeogopa vyura. Murugi alisikiliza kila neno. Alitafuta ishara, jicho la siri, sentensi iliyokatwa katikati. Wakati mwingine alidhani ameiona. Wakati mwingine aliona wazee wawili tu na mguu usiopona.

Wahome alikufa mwaka uliofuata, wakati wa mvua za masika, sumu ya donda ilipoingia kwenye damu. Waliomzika walikuwa wachache: majirani wanne wa mpunga, mwinjilisti aliyekuwa hamjui, Theuri na Murugi. Shimo lilijaa maji kila walipochimba. Walipomaliza, Theuri alikwenda kando ya mfereji kunawa mikono, na huko huko akaanza kulia, mabega yakimtikisika, kwa namna ambayo Murugi hakuwahi kumwona, hata siku ya josho.

Alimwendea akasimama nyuma yake.

"Baba Watiri," alisema. "Unalia kwa huzuni, au ni kwa sababu umepumua?"

Theuri hakugeuka. Maji yalipita mbele yake kwenda mashambani.

"Yote mawili," alisema.

Murugi aliligeuza jibu lile, akalitafuta ufa, hakuuona. Alimpa leso ajifute, wakashika njia ya kurudi barabarani, viatu vyao vikizama kwenye tope.